Usigeuze Omo Nyumbani

Mwanangu Mwanahawa,

"Bahari humla anayekwenda mbali."

Maneno hayo aliyasema baba yako mkubwa, Shabani, mbele ya mkutano wa kijiji Jumapili iliyopita, amesimama, mkono mmoja kifuani, kwa sauti ile anayoitumia akitaka watu waitikie amina. Na watu waliitikia. Alikuwa anakusema wewe, unayetaka kuzunguka pwani yote ya nchi hii peke yako katika mashua yenye tanga moja. Na alikuwa anamtaja marehemu baba yako, ndugu yake wa tumbo moja, kuwa ndiye mfano.

Ni uongo. Nauita uongo, siuiti kosa, kwa sababu aliyeusema anajua. Baba yako hakufa mbali. Alifia kwenye mlango wa mto, mahali ambapo maji yakipwa watoto huenda kufukua kaa. Alifia karibu kiasi kwamba wanawake waliokuwa wakianika samaki ufukweni walimtambua kwa shati. Hakufa kwa kwenda. Alikufa kwa sababu aligeuka akawa anakuja kwetu.

Wewe hukuwepo mkutanoni. Ulikuwa Nyamisati unakalafati mashua, unaziba nyufa zake, na habari zimekufikia vipande vipande, kila mleta habari ameongeza chumvi yake. Nataka uzipate kwangu, zote. Ningekueleza kwa mdomo, lakini ukinitazama ninalainika, na barua hailainiki. Kesho asubuhi nitakukabidhi mkononi pale gatini Nyamisati, nitakaa juu ya gunia nisubiri mpaka uimalize, ndipo ufungue kamba. Kwa sababu juzi, ili upate amani, ulimpa baba yako mkubwa ahadi, na mimi nataka uivunje.

Ulimwahidi kwamba utakwenda kando kando. Kwamba nchi kavu haitapotea machoni pako hata siku moja, na kwamba upepo ukichafuka utakimbilia mto wowote ulio karibu. Alikuja mpaka hapa Kibiti kukuomba hilo, mtu mzima yule, na goti lake bovu, kutoka kijijini huko delta kwa boti na kisha kwa pikipiki. Ukamshika mkono ukasema, "Ndiyo, baba." Akakuwekea mkono kichwani, akakusomea dua. Mimi nilikuwa jikoni nakanda unga. Nilisikia kila neno, nikanyamaza, unga ukanikaukia vidoleni.

Sitakuandikia habari za maji ya kunywa, wala dawa za tumbo, wala namna ya kuchaji simu baharini. Hayo unayajua. Mimi sijui hata kuogelea. Nitakuandikia jambo moja tu ninalolijua kuliko wote waliokaa mkutanoni siku ile.

Nilipoolewa huko delta nilitoka milima ya Kipatimu, na maji mengi niliyokuwa nimeyazoea ni ya mtungi. Siku baba yako aliponipakia mtumbwini mara ya kwanza, mashemeji zangu walicheka mpaka wakashika mbavu. Shabani akasema, "Mmatumbi akiona dimbwi anauliza meli inapita saa ngapi." Nikamjibu kwamba Mndengereko naye akiona kilima hutafuta upondo akipime kina. Tukacheka wote. Nilimpenda shemeji yangu kwa utani ule, na sitaki usome barua hii ukadhani nilimchukia tangu mwanzo. Lakini nimelirudia jibu langu kichwani mara nyingi sana, maana nilisema kweli bila kujua.

Mtu wa delta hulelewa na upondo. Mtoto hajajua kushika kafi vizuri, ameshapewa ule mti mrefu, anauchomeka majini, anasukuma, mtumbwi unakwenda. Upondo ukigusa tope, moyo unatulia. Upondo ukikosa chini, utaona watu mtumbwini wananyamaza, soga inakatika katikati, mpaka uguse tena. Baba yako alinifundisha hivyo siku ile ile ya kwanza. "Ukigusa, uko nyumbani," aliniambia. Na ndani ya mikoko ni kweli tupu. Kule kwenye kina ndiko kwenye mkondo, na viboko, na mamba. Kwenye maji mafupi unaweza kushuka ukatembea kwa miguu mpaka mlangoni kwako.

Ila nje, kwenye bahari yenyewe, mambo yanageuka juu chini. Baada ya msiba nilianza kusoma vitabu vya watu waliozunguka dunia peke yao katika mashua ndogo kuliko chumba chako. Nilivisoma kwa kujificha, kama mshitakiwa anayejisomea hukumu. Waandishi wale hawafanani kwa rangi, wala kwa dini, wala kwa adabu. Wengine ni waongo wakubwa wa kujisifu. Lakini kuna jambo moja wasilopishana. Bahari yenye nafasi haiivunji mashua iliyo nzima. Inayoivunja ni nchi kavu: fungu la mchanga, mwamba, mlango wa mto wenye mawimbi yanayoumuka. Baharia wa kweli akiogopa, anatafuta kina. Mtu wa upondo akiogopa, anakimbilia kile kitakachomuua akiamini anakimbilia mapaja ya mama yake.

Hilo ndilo kosa letu. Nasema letu kwa sababu na mimi nimeshakuwa mtu wa delta. Mpemba hawezi kulifanya, wala mtu wa Lamu. Wao hawakukua na ule mti mkononi.

Sasa kuna desturi ambayo wewe unaijua kwa jina tu, maana ulikuwa mdogo ilipokufa. Mto wetu hautulii. Kila masika, maji ya bara hushuka na mchanga, yakaziba mkondo huu, yakafungua ule. Kwa hiyo zamani, mto ukishashuka, katika bamvua la kwanza, siku ambayo maji hupwa mpaka mwisho wake, wanaume wa kijiji walitoka na mitumbwi yote. Wakaupima mlango wa mto kwa pondo zao, huku wakiimba matusi ya kuchekesha ambayo wanawake tulijifanya hatuyasikii. Wakazing'oa nguzo za mkoko zilizoonyesha njia ya mwaka uliopita, wakazisimika kwenye njia mpya. Zilikwenda mbili mbili, na chombo kilipita katikati. Ilikuwa kazi ya siku moja. Sisi tulipika wali wa nazi na mchuzi wa kamba, na siku hiyo hakuna aliyekwenda kuvua. Aliyeitisha kazi alikuwa mkubwa wa wavuvi, na mkubwa wa wavuvi alikuwa Shabani.

Mwaka aliokufa baba yako, kamba walijaa kama mchele. Bamvua la kwanza likapita, watu wanavua. La pili likapita, watu wanavua. Nilikuwepo siku baba yako alipomkumbusha kaka yake. Walikuwa wanakula uani, sahani moja, mimi nawamiminia maji. Baba yako alisema maneno mawili tu, "Kaka, nguzo." Shabani akajibu kwamba njia haijahama sana, tutahamisha bamvua lijalo, tule kwanza. Baba yako hakurudia. Kwao mdogo hamwambii kaka yake jambo mara mbili. Wakaendelea kula.

Kisha kusi likachafuka. Baba yako na Bakari walikuwa nje kabisa, kwenye kina. Ni Bakari huyu huyu aliyekufundisha wewe kushika usukani; wakati ule alikuwa kijana wa tanga wa baba yako. Ameshanisimulia, na kila anaposimulia hutazama chini. Mashua ilikuwa nzima. Maji yaliingia, lakini walikuwa wanayatoa kwa kopo na yanatoka. Bakari alitaka wapunguze tanga, waelekeze omo, pua ya mashua, nje zaidi, wakae huko huko wakilowa mpaka upepo uchoke. Ndipo baba yako akaziona nguzo. Akasema, "Njia ile pale. Twende kwetu." Akageuza.

Walipoingia baina ya nguzo mbili, akauchukua upondo, akauchomeka majini, ukagusa. Bakari anasema uso wake ulifunguka kama uso wa mtu anayepewa mtoto wake wa kwanza kumpakata. Akageuka kumtazama Bakari, akasema kwa furaha, "Nimegusa."

Wimbi lililofuata liliikuta mashua juu ya mchanga, likaipindua kama mtu anavyopindua ungo. Bakari akatupwa upande wa mikoko. Baba yako akafunikwa na tanga.

Kesho yake maji yalipopwa nilitoka, kabla sijawekwa ndani ya eda, nikaenda mpaka ukingoni. Nguzo zile mbili zilikuwa zimesimama juu ya mchanga mkavu. Kaa walikuwa wanapita katikati yake, mmoja mmoja, kama wenye chombo. Na mkondo wenyewe ulikuwa kule upande wa pili, mpana, mweusi, umetulia, hauna alama hata moja.

Nakuuliza, mwanangu, mbali kuko wapi hapo? Bahari imemla nani hapo?

Baada ya msiba hakuna aliyezigusa nguzo zile. Wakasema mahali pale pana wenyewe. Mmoja akaapa ameona taa, mwingine akasikia ngoma. Nguzo za njia zikageuka nguzo za kaburi, desturi ikafa, na tangu hapo kila nahodha ana njia yake kichwani au kwenye simu yake, hamwambii mwenzake. Wageni wanakwama pale kila mwaka, tunawavuta kwa kamba na tunawacheka. Kuogopa pepo ni rahisi. Pepo hamwulizi mtu kwa nini alichelewa.

Haya, mkutano. Ajenda ilikuwa zahanati. Katikati ya zahanati, Shabani akaomba kusema jambo la familia. Akaeleza safari yako. Kwa haki yake, aliieleza sawasawa: kwamba utaondoka na kaskazi hii kwenda kusini mpaka mpaka wa Msumbiji, usubiri masika ipite ukiwa Mtwara, kisha kusi likupandishe, upite hapa kwetu, uendelee mpaka kule juu ya Tanga. Watu wakaanza. Mmoja alisema unatafuta sifa za kwenye simu. Mwingine alisema msichana aliyefika bahari kuu peke yake nani atamwoa. Mzee mmoja akauliza, kwa uchungu wa kweli kabisa, nani atakuwa anakupikia. Wanawake nyuma wakacheka kwenye mitandio yao, na mimi pia nilicheka. Ndipo Shabani akanyanyua sauti akasema yale ya bahari kumla anayekwenda mbali, na jina la baba yako, na amina.

Nikasimama. Nimeandika magazetini miaka mingi, kama unavyojua. Nimebishana na wakubwa, na maprofesa, na wafadhili wanaotupangia jinsi ya kuishi na mikoko yetu. Siku ile nilikaza kanga kiunoni kwanza.

"Shemeji, kaa," alisema Shabani, tena kwa upole. "Haya mambo ya maji. Wewe mtu wa kilimani."

"Ndiyo maana niliona," nikamwambia. "Ninyi mliitazama bahari. Mimi niliutazama mchanga."

Nikawaeleza. Nguzo, bamvua lililopita, sahani ya wali, kila kitu. Mwenyekiti akasema mama, msiba haufukuliwi. Nikamwambia maiti nimemwacha alipo, ninachofukua ni mti. Shabani alikuwa ameshika fimbo yake kwa mikono miwili. Akasema, "Kila nafsi ina siku yake, shemeji."

"Siku ni ya Mungu," nikasema. "Nguzo ni zako."

Nasikia watu wamekuambia nilikufuru. Sikukufuru. Naamini kadari kama anavyoiamini yeye, na naswali kama anavyoswali. Ninachokataa ni binadamu kuacha mti mahali pa uongo kisha akamsingizia Mola kuwa ndiye aliyeusimika.

Ndipo Bakari akanyanyuka kule nyuma, kofia mkononi. Miaka yote hii hajawahi kusema hadharani. Akasema, "Alisema, nimegusa." Kisha akakaa.

Ningekuwa natunga hadithi ningekuandikia kwamba watu walilia, Shabani akaomba radhi, wote wakaenda kung'oa nguzo jioni ile ile. Badala yake mwenyekiti akasema tumsikilize fundi wa zahanati. Na mwisho kabisa, watu wakiwa wanakung'uta suruali zao waondoke, wakapitisha kwamba hawakuzuii, ila uende kando kando. Uende kando kando! Walipitisha hivyo baada ya kusikia. Walikuwa na ushahidi wote mbele yao, mtu aliyeokoka amesimama na kofia yake, na bado wakakuandikia dawa ile ile iliyomuua baba yako. Siku iliyofuata Shabani akaja Kibiti na dua yake.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Siwakasirikii kwa kuwa hawakupendi, maana wanakupenda sana. Shabani amekubeba mgongoni kukupeleka shule mafuriko yalipofunika njia, mpaka goti lile likaharibika. Kila Ijumaa alituletea samaki mpaka ulipomaliza kidato cha nne. Anakupenda, naye anaogopa, na woga wake ameuvika joho la busara na kuutembeza kijijini. Mtu mbaya ningemshinda kirahisi. Huyu ananishinda kwa samaki.

Na kwa samaki hao nilinyamaza. Nimejitetea vya kutosha kwamba nilikuwa edani, kwamba mjane hasimami barazani. Eda iliisha, Mwanahawa. Iliisha nikabaki nimenyamaza, kwa kuwa nilihitaji ukoo, na kwa kuwa ni rahisi kumwandikia mkubwa wa nchi ambaye hatakuja kula kwako. Watu wananisifu kuwa mkali. Nilikuwa mkali kwa watu wasionijua. Shemeji yangu, aliyekula sahani moja na mume wangu, sikumwambia hata sentensi moja mpaka Jumapili iliyopita, na hata hiyo niliisema kwa sababu alikugusa wewe.

Tena nikakuhamishia Kibiti, nikakukataza maji. Siku nilipokuta chumvi imekauka kwenye kanga yako, nikajua kwamba zile likizo za Mohoro kwa shangazi zilikuwa likizo za mashua ya Bakari, nilikupiga. Unakumbuka. Hukulia, ukaniuliza tu, "Mama, unaogopa maji au unaogopa watu?" Nilikupiga tena kwa swali hilo. Nilidhani nakulinda. Kumbe nilikuwa nimeshika upondo ule ule, nakufundisha somo lile lile: kaa karibu, gusa chini, utapona. Na mimi mwenyewe niliishi hivyo. Gazeti moja la Dar liliniita niwe mhariri; nikasema siwezi kuwa mbali na nyumbani. Mwanamume mwema wa Ikwiriri alitaka kunioa. Nikasema watu wataonaje. Kila upepo ulipovuma niligeuza omo nikarudi kwenye mchanga, na kila nilipogusa nilifurahi. Sikufa, ni kweli. Lakini mtu anaweza kukwama miaka mingi bila kuzama.

Ulipoulizwa kwa nini unataka safari hii, ulisema unataka kuiona nchi yako kutoka upande ambao hakuna aliyekufundisha kuitazama. Sijapata kusikia sababu bora kuliko hiyo, na nimesoma sababu nyingi. Anayekudai sababu zaidi, mwulize yeye ana sababu gani ya kukaa.

Sasa nisikilize, maana hili ndilo nililokujia.

Hofu itakuja. Sijui itakujia mbele ya Kilwa au mbele ya Lindi, sijui itakuwa mchana au usiku, ila itakuja, na haitakuwa na sura ya bahari. Itakuja na sura ya nyumbani. Utaona taa za watu. Utasikia adhana. Utanusa moshi wa kuni za mkoko, na mikono yako, mikono ya mtoto wa delta, itaanza kugeuza usukani bila kukuuliza. Hapo ndipo nakuomba unikumbuke nikiwa na hasira hivi nilivyo. Punguza tanga. Elekeza omo nje. Kaa kwenye kina, ulowe, utapike, unitukane ukitaka, lakini usije kwenye mchanga kwa sababu tu umeuona. Kuingia bandarini ingia, wakati hali imetulia, kwa akili yako, kwa maji unayoyaona na njia unayoijua. Usiingie kwa kukimbia.

Na ile ahadi uivunje. Najua nilikulea kutovunja neno ulilompa mkubwa wako. Basi mwambie ni amri yangu, na kama kuna dhambi niandikiwe mimi. Ukitaka kumheshimu Shabani, mheshimu kwa kurudi hai. Heshima nyingine nitampa mimi.

Kusi likikupandisha utapita mbele ya mlango wetu. Nitakuwepo. Nimeshamwomba Bakari anipeleke mpaka ukingoni, nitavaa kanga ile nyekundu ili unione, na nitapunga mikono yote miwili kama mwendawazimu. Kupunga kwangu si kuita. Hata nikilia, hata nikipiga magoti mchangani, hata ukiona midomo yangu inatamka jina lako, usiingie. Nitakuwa nimesahau kila nililoandika hapa, maana mimi ni mama, na macho ya mama ni upondo. Wewe usisahau. Pita mbali. Inua mkono mmoja, niuone, kisha nenda zako Tanga. Utaingia siku utakayoziona nguzo zimehama.

Na kwa kuwa zinaweza kuhama, barua hii haiishii kwako. Nimeinakili, na Bakari ataisoma Ijumaa pale mnadani, samaki wakishapakuliwa na kila nahodha akiwepo. Amekubali. Amesema sasa ameshajua kwamba akisema hafi. Kwa hiyo wewe funga mizigo yako, mwanangu. Nakushika kwa mikono yenye unga, nakuachia. Sasa naongea nao.

Ninyi manahodha mliokaa hapo juu ya matenga yenu mkinisikiliza kwa sauti ya Bakari: msinijibu kwamba mahali pana wenyewe. Mwenye mahali pale ni yeyote atakayekufa hapo safari ijayo, naye anaweza kuwa mtoto wa yeyote kati yenu. Mwanangu atapita masika ikishakwisha. Mto utakuwa umeshuka, na njia itakuwa imehama tena. Bamvua la kwanza baada ya hapo msivue. Tokeni na mitumbwi yote, na kila mmoja wenu aiseme njia anayoificha. Pimeni mlango wa mto, ng'oeni nguzo zile mbili, msimike nyingine mahali pa kweli. Na wewe shemeji Shabani, mkubwa wa wavuvi, nguzo ya kwanza usimwachie kijana. Ing'oe wewe, kwa mikono yako, na goti lako bovu hivyo hivyo. Wali nitapika mimi.